Sikio la Kulia la Asinyen

Bula Pesa, Isiolo
4 Februari 2024

Dada yangu Jecinta,

Habari ya huko Nyeri, na habari ya baridi. Sisi huku tuko, tunakula vumbi kama kawaida. Kaka yetu Ekitela alishuka kutoka Kipsing wiki iliyopita na anakusalimu. Mbuzi wake wamebaki kumi na saba, wawili wana mimba, na anasema ukitoka jela utakuta maziwa. Barua hii anakuletea Mama Lowoi wa kanisani, kwa sababu kikundi chao kinakuja kuwaombea wafungwa. Ndani ya furushi nimeweka sabuni, mafuta na jozi mbili za soksi. Ukipewa jozi moja, ujue ya pili imepata mwenyewe njiani.

Najua hutaki nije. Uliniambia siku ile nje ya korti kwamba nisikanyage mahali ulipo, na nimeshika neno lako mwaka wa pili sasa. Kwa hivyo naandika tu.

Binti yako Asinyen mzima. Ameingia gredi ya nane, amenipita urefu, na viatu vya Desemba vimeshambana. Hesabu anapita, Kiingereza anapita, mdomo ndio umezidi. Jioni anakuja saluni kunisaidia kufua taulo, na hapo anawaona wasichana wa mjini wanaokuja kutobolewa masikio. Siku hizi tundu la chini peke yake hawalitaki. Wanataka juu, kwenye ukingo, pale pagumu. Nina ile mashine ya kutobolea, nabana mara moja na kazi imeisha. Basi naye amenikalia kooni: "Mama mdogo, nitoboe tu moja hapa juu. Wasichana wote wako nayo." Nimemwambia mwenye mtoto ni mama yako, ngoja nimwandikie.

Sasa nakuuliza, nimtoboe ama nisimtoboe?

Mdogo wako,
Judy


Nyeri
27 Februari 2024

Judy mdogo wangu,

Soksi zilifika zote. Asante, miguu yangu imekumbuka kwamba ni miguu. Mimi sijambo. Wamenihamisha kutoka jikoni, sasa niko chumba cha kufuma sweta, na mwalimu wetu anasema mkono wangu ni mzuri. Msalimie Ekitela. Mwambie wale wawili wenye mimba asiwapeleke malisho ya mbali. Anayesoma barua zetu hapa ofisini kabla hazijatoka naye nampa salamu zake.

Kuhusu sikio, jibu ni hapana.

Umesahau sisi tulivyotobolewa? Mama alikuwa anangoja mvua inyeshe, vumbi litulie, inzi wapungue. Anatafuta mwiba mnyoofu, anaushikilia juu ya moto, anatuketisha chini mbele yake na kutubana kichwa kwa magoti. Tundu moja kila mwaka, kutoka chini kwenda juu. Anaingiza kijiti cha nyasi, anapaka mafuta, na kila asubuhi anakizungusha yeye mwenyewe. Mimi nilifika matano. Wewe ulifika matatu, halafu Mama akafa. Nilitaka kukumalizia mawili yaliyobaki, ukalia, ukasema mimi si mama yako. Ulikuwa na haki. Mama alisema mbuzi hukatwa sikio na mwenye mbuzi, na msichana hutobolewa na mama yake.

Wamenipunguzia theluthi ya kifungo, natoka Novemba tarehe kumi na mbili. Mvua za vuli zitakuwa zimeanza. Mwambie Asinyen anisubiri, nitamtoboa mimi kwa mwiba, hata kama anauonea aibu mwiba.

Judy, nakuomba unielewe. Wewe umempa chakula, umempa kitanda, umempa shule, na ninakushukuru kwa vyote. Mimi huku sina kitu. Tundu hilo ndilo pekee nililobaki nalo la kumpa.

Dada yako,
Jecinta


Isiolo
18 Machi 2024

Dada,

Habari ya siku nyingi. Barua yako ilifika, nimeisoma na nimeielewa. Joto huku limezidi, hata maji ya bomba yanatoka moto. Mbuzi mmoja wa Ekitela amezaa mapacha. Kanisani tunakuombea.

Asinyen ana homa kidogo, si kitu. Jana tulipiga picha dukani kwa jirani yangu Anisa, yule anayeuza nguo, nimekuwekea humu ndani.

Nina wateja, nitaandika zaidi siku nyingine.

Judy


Nyeri
9 Aprili 2024

Judy,

Nakusalimu, na namsalimu Anisa ingawa simjui. Pole na joto. Huku mvua imeanza na nguo hazikauki. Nimefurahi kusikia habari ya mapacha, ingawa hukusema kama ni dume au jike.

Picha nimeiweka chini ya mto. Naitoa asubuhi, naitoa jioni. Mtoto amekuwa mzuri, amechukua paji la uso la baba. Lakini tangu lini Asinyen anajifunga kitambaa kichwani mpaka kidevuni? Kama ni mchezo wa kujaribu nguo za dukani, sawa, angetabasamu. Hatabasamu. Tena amegeuka upande, naona shavu la kushoto tu, na mkono wako uko juu ya bega lake kama wa mtu anayemzuia asigeuke.

Homa gani hiyo? Nijibu upesi.

Jecinta


Nyeri
20 Mei 2024

Judy,

Nakusalimu kwa sababu nililelewa vizuri.

Wiki sita umenyamaza. Najua barabara zilikatika kwa mafuriko, kila mtu amesikia. Lakini Mama Lowoi alipita barabara hizo hizo akaja kutuombea. Nilimwuliza, Asinyen yuko aje? Akaanza kunieleza habari za kwaya. Nikamwuliza mara ya pili, akatazama sakafu, akasema, "Mwulize mdogo wako."

Basi nakuuliza wewe. Mtoto wangu ana nini?

Jecinta


Isiolo
11 Juni 2024

Dada yangu,

Sina salamu nzuri ya kuanzia. Ekitela mzima, mbuzi wazima, mimi mzima. Nimeanza barua hii mara nne, na nne zote nimewashia jiko.

Nilipokuandikia kukuomba ruhusa, tundu lilikuwa na siku tatu.

Nitakwambia ilivyokuwa bila kujificha. Ilikuwa Alhamisi, saluni imejaa. Mteja mmoja mgeni akamwangalia Asinyen akifua taulo, akamwuliza, "Huyu anayesuka ni mamako?" Asinyen akajibu, "Eeh, ni mama." Hakuangalia upande wangu, alisema tu kama mtu anayesema jina lake, akaendelea na taulo. Dada, mimi nina miaka thelathini na sita na hakuna mtoto aliyewahi kuniita hivyo. Nilisuka vibaya, nikafumua. Wateja walipoisha akaniomba tena nimtoboe. Siku ile hata angeniomba nyumba ningempa. Nilimketisha, nikabana mashine, sikio la kulia, juu kabisa. Hakulia. Alijiangalia kwenye kioo, akacheka, akanikumbatia.

Halafu nikaogopa, ndipo nikakuandikia. Nilitumaini utasema ndiyo, na ndiyo yako irudi nyuma ifunike siku tatu.

Wiki ya pili sikio lilianza kuvimba. Nilisema ni joto, masikio mengi huvimba. Ekitela alikuwa ameacha kwangu ile dawa ya kupulizia vidonda vya mbuzi, ile ya buluu. Unajua sisi sote tumepona kwa dawa ya mbuzi. Nikampulizia asubuhi na jioni. Kumbe ile rangi ilifunika kila kitu, sikuona nyama ikibadilika chini yake. Barua yako ya kukataa ilifika akiwa hivyo, na baada ya kuisoma sikuweza tena kumpeleka hospitali. Wangeniuliza nani alitoboa, na habari ingekufikia. Nikampulizia zaidi. Ile picha ya Anisa tulipiga sikio likiwa limejaa usaha. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa.

Siku tatu baada ya picha aliamka hawezi kugeuza shingo. Nikambeba nikakimbia. Daktari anaitwa Mutuma, Mmeru mmoja mpole, lakini siku hiyo hakuwa mpole kwangu. Alisema pale juu pagumu hapana damu ya kutosha, pakishika uchafu panaoza kutoka ndani, na kilichooza hakirudi. Asinyen alilazwa siku tisa. Walitoa usaha mara mbili, na mara ya tatu wakakata kile kilichokufa. Upana wa kidole, juu, upande wa nyuma. Anasikia vizuri. Ameshapona. Pengo limebaki.

Nimekosa, Jecinta. Nimekosa kwako na nimekosa kwake.

Judy


Nyeri
30 Juni 2024

Judy,

Leo sisalimu mtu.

Juu, upande wa nyuma, sikio la kulia, upana wa kidole. Unajua umeandika nini? Hiyo ni alama ya baba. Hapo ndipo alipokuwa anakata mbuzi wote wa boma letu. Hapo ndipo mimi nilipowakata wale kumi na mmoja wa Gollo, jirani yetu wa malisho, waliojichanganya na wangu wakati wa ukame, wangu wakiwa wanakufa wawili, watatu kwa siku. Nilikata, nikawapeleka soko la Oldonyiro, nikauza kama wangu. Kwako sijawahi kukana. Niliiba, nimefungwa, mambo ni hayo.

Lakini kumbuka korti. Gollo alileta mbuzi mmoja aliyempata sokoni siku mbili kabla. Hakimu alikuuliza wewe, kwa sababu wewe ni binti wa mwenye alama, jambo moja tu: alama hii ni ya zamani au ni mpya? Uliinama, ukashika lile sikio kwa vidole viwili, ukaligeuza kwenye mwanga, ukasema, "Kidonda ni kibichi." Maneno matatu. Miaka mitatu.

Sasa niambie. Macho yale yaliyojua kidonda kibichi kwenye sikio la mbuzi wa watu, yalikuwa wapi mwezi mzima mtoto wangu akioza nyumbani kwako? Au kidonda ukikitia wewe hakinuki?

Hukumtoboa Asinyen kwa sababu alikuomba. Ulimtoboa kwa sababu alikuita mama, ukaona ni wakati wa kumtia alama yako. Nilikwambia tundu hilo ni langu, na ulisoma ukijua umeshanipora. Hata mimi, mwizi wa mbuzi, sikumwandikia Gollo barua ya kumwomba ruhusa.

Novemba tarehe kumi na mbili natoka. Nitamchukua mwanangu, tutaenda Kipsing kwa Ekitela, na wewe utabaki na mashine yako. Sikio la kufa halisikii dawa, wala dada wa kufa haambiwi neno. Usiniandikie.

Jecinta


Isiolo
25 Agosti 2024

Dada Jecinta,

Habari yako. Uliniambia nisiandike, na mara hii nimekataa kukutii. Ekitela anakusalimu, alisomewa barua yako na akaenda kukaa nje mpaka giza.

Kosa langu nimekubali, na nitalikubali kila siku nikimchana nywele. Lakini umenitukana vya kutosha, sasa nisikilize. Kortini nilikuwa nimeshika Biblia. Ulitaka niseme nini? Damu ilikuwa bado inanata vidoleni. Nilirudi nyumbani nikitaka kunawa, na mtu wa kwanza aliyeniletea maji ni Asinyen, umri wake miaka kumi na miwili, hajui bado mama yake atalala wapi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimlea mtoto wa mtu ambaye nilimfunga kwa maneno matatu. Unadhani ni raha? Halafu unanifundisha habari ya kutia alama. Isiolo nzima, kama kuna mtu aliyekata masikio yasiyo yake, si mimi niliyeanza.

Basi. Nimesema, na sijapata nafuu yoyote.

Kuna jambo sikukuandikia, na sasa nitakuandikia, si kwa kukuumiza. Aliporudi shule na lile pengo, watoto wa darasa lake walijua habari yako, kwa sababu mji wetu huu hauna siri. Walianza kumwita mbuzi wa Oldonyiro. Msichana mmoja alimshika sikio mbele ya wengine akauliza, "Huyu naye aliibwa kwa nani?" Asinyen alimpiga na dumu la maji akamtoa damu puani. Niliitwa na mwalimu. Nilipomuuliza mtoto kwa nini hakuwaambia tu kwamba ni mimi, saluni, mashine, alisema, "Ningewaambia, watu wangeacha kuja saluni yako."

Nilimsomea ile sehemu ya Kipsing, kwa sababu ni maisha yake. Siku ya tatu tulikuwa tunamenya viazi, akasema, nami nayaandika alivyosema: "Nikienda na mum, kila mtu wa huko ataangalia sikio yangu kwanza, halafu amwangalie yeye. Watakumbuka kila siku. Nikikaa hapa, ni sikio tu." Akauliza kama hiyo ni dhambi. Nilimwambia nitakuuliza wewe.

Sikumfundisha maneno hayo, naapa kwa kaburi la Mama. Lakini kama ni hayo au si hayo, mwenye mtoto ni wewe. Ukitoka, njoo. Mlango wangu unaujua. Nitakuwa nimefunga nguo zake na vitabu vyake, na sitalia mbele yako.

Judy


Kipsing
24 Novemba 2024

Judy mdogo wangu,

Nakusalimu. Barua hii anakuletea Ekitela, anashuka na madume wawili wa mbuzi wa kuuza, alama zao ni za zamani na mwenyewe yuko nao, usiogope. Mvua imenyesha vizuri. Nyasi zimefika goti, na ile miti ya bondeni imetoa miiba mipya, mirefu, minyoofu. Maziwa nimeyakuta kama alivyoahidi. Nimeyanywa mpaka tumbo likauma.

Nilitoka tarehe kumi na mbili kama nilivyosema, na siku hiyo hiyo jioni nilikuwa Bula Pesa. Hukuniona. Nilisimama ng'ambo ya barabara, karibu na duka la Anisa. Yeye aliniuliza kama nataka kitu, nikamwambia naangalia tu.

Mlikuwa mmekaa nje ya saluni. Ulikuwa umemketisha chini mbele yako, kichwa chake kati ya magoti yako, unamsuka. Unamsuka kwa namna ya kushusha nywele upande wa kulia. Upepo ukapita ukaziinua, na nikaliona lile pengo, kutoka mbali vile nililiona. Ni alama ya baba kabisa. Mkono wa Asinyen ukaruka peke yake kwenda kulifunika. Nawe ukaushika, ukaushusha, ukaendelea kusuka. Akacheka kitu fulani, ukampiga bega. Mama alikuwa anakaa hivyo hivyo.

Nilikuwa na maneno. Miezi mitano nilikuwa nayapanga huku nikifuma. Niliyameza yote, nikaenda nikalala kanisani, asubuhi nikatafuta lori la kuja huku.

Usifikiri nimekusamehe. Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe, na nisingependa udanganyike kwa sababu nimeandika kwa upole. Kila nikimkumbuka na kile kitambaa naumwa hapa kifuani. Lakini yale aliyosema wakati wa viazi si dhambi, mwambie. Amesema kweli, na kweli katika ukoo wetu tumezoea kuilipia. Nikimchukua leo, nitamtembeza Kipsing na Oldonyiro yote akiwa ushahidi wangu. Huko kwako ni sikio tu.

Kwa hivyo abaki. Mtoto ana alama yako sasa, hata kama uliiweka kwa kuharibu. Mimi nimeshafungwa mara moja kwa kuchukua kilichokuwa na alama ya mtu mwingine. Sirudii.

Ekitela amebeba sweta niliyofuma kule. Ina kofia kubwa, inafika mpaka shavuni. Niliianza Aprili, baada ya ile picha, bila kujua ninafuma nini. Mwambie nimetoka, niko huku, na njia anaijua siku akitaka kunijua bila kulazimishwa. Nyasi zikikauka kutakuja mvua nyingine, miiba haiishi.

Sikio la kushoto usiliguse.

Jecinta